Uyoga kwenye Gari la Mama

Mama aliingia gereji na kelele, na kelele zenyewe hazikuwa zake. Gari lake la zamani, lile la viti vya ngozi aliloachiwa na marehemu mumewe, lilikata kona kutoka barabarani huku redio ikipiga muziki wa disko kwa sauti ya kutetemesha mabati ya paa. Mama mwenyewe yumo ndani, uso mkavu, anaangalia mbele utadhani hasikii. Akaegesha pale pale katikati ya sakafu. Akazima injini, muziki ukaendelea. Akashuka, akafunga mlango, muziki ukaendelea tu. Ndipo bintiye akachomoka chini ya gari la mteja, akakimbia na spana, akafungua boneti na kung'oa waya wa betri. Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu kuliko muziki wote wa duniani.

"Tumetoka kuzika," Mama alisema, akijikung'uta gauni. "Watu wanatembea taratibu na majonzi yao, gari langu likaamua kuwapigia dansi."

Binti huyo mtaani walimwita Shoti. Jina alilipata kwa sababu ni fundi umeme wa magari, likamganda kwa sababu ya hasira zake, maana alikuwa mtu wa kuwaka kwanza na kuuliza baadaye. Ugonjwa wa gari lile aliujua kabla hajaambiwa. Kati ya viti viwili vya mbele, nyuma ya gia, palikuwa na kitufe kikubwa cha kuzungusha na kubonyeza, na kitufe hicho ndicho kilichoamrisha kila kitu kwenye skrini ya dashibodi: redio, ramani, simu. Mafundi hukiita kontrola. Mama, tangu siku ya kwanza alipokiona, alikiita uyoga, na kwa kuwa katika familia ile neno la Mama halina rufaa, kikawa uyoga mpaka leo. Sasa uyoga umeharibika. Ukiuzungusha kushoto unakwenda unakotaka wenyewe, ukiuacha unajizungusha, na siku hiyo makaburini ulijiamulia kupandisha sauti.

Uyoga wa aina ile haukupatikana tena popote. Shoti alishaulizia kwa wauza spea wote, na alichoambulia ni wa toleo jipya, uliochopolewa kwenye gari la juzijuzi lililogongwa nyuma. Mweusi, mfupi, bapa juu, umezungukwa na vitufe vidogo pande zote, mzuri mpaka unatamani kuuweka sebuleni. Lakini kumpeleka bwana mdogo huyo ndani ya gari la kizee si kazi ya kuchomeka ukaenda zako. Plagi ya gari ni pana, ya uyoga mpya ni ndogo kama jino la mtoto. Ubongo wa gari haumjui mgeni, ni lazima ufundishwe kwa kompyuta mpaka ukubali. Na tundu la kwenye ubao halimtoshi. La zamani ni la duara, liko katikati kabisa. Uyoga mpya unataka tundu la pembe nne, tena lililosogezwa upande wa dereva.

Waya na kompyuta ilikuwa kazi ya Shoti, na hiyo haikumpa presha. Kukata ubao ilikuwa kazi ya mtu mwingine, na hapo ndipo maji yalipozidi unga.

Gereji ile marehemu baba aliwaachia watoto wawili, Shoti na mdogo wake wa kiume. Mdogo mtu alikuwa fundi wa viti, mazulia na mbao za ndani ya gari, na mtaani alijulikana kama Gundi. Kijana huyo alikuwa na mikono, jamani. Kiti kilichochanika akikishona, mwenye gari anatafuta ule mchaniko hauoni. Alikuwa mpole, msikivu, mwenye kuudhi kwa upole wake huo, kwa sababu ukigombana naye hupandishi naye, unapanda peke yako mpaka unafika juu na kujiona mjinga.

Isipokuwa mara moja. Mvua zilizopita, gari la mteja lilifuka moshi mbele ya mwenyewe. Skrubu ya kiti ilikuwa imetoboa waya. Gundi akasema waya umepitishwa mahali ambapo kila fundi wa viti hupiga skrubu. Shoti akasema skrubu imepigwa na kipofu. Wote wawili walikuwa sahihi, na hakuna ugomvi mbaya kama wa watu wawili walio sahihi. Shoti, mbele ya wateja, akamwita mdogo wake fundi wa magodoro. Gundi akatafuta jiwe la kurudisha, akaokota kubwa kuliko alilotupiwa. Akasema baba alimfundisha dada umeme kwa kumhurumia tu, kwa sababu shule ilimshinda.

Shoti alichukua kopo la rangi nyeupe na brashi, akachora mstari katikati ya sakafu kutoka ukutani mpaka getini. Huku kwangu, kule kwako. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kazi iliyohitaji mikono ya wote wawili iliwekwa juu ya meza iliyokaa palepale mstarini, mmoja anaiweka anaondoka, mwenzake anangoja amgeuzie mgongo ndipo aende kuichukua. Salamu hakuna. Jina hakuna. Ikibidi kutajana ni "yule wa upande ule".

Majirani hawakuingilia. Wahenga walishaonya kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na watu wa barabara ile walikuwa wakulima hodari. Aliyenufaika ni mwenye gereji ya ng'ambo, maana vita vya panzi siku zote ni furaha ya kunguru. Wateja wasiopenda kusimama katikati ya watu walionuniana walivuka barabara wakaenda kwake.

Na sasa limekuja jingine. Gundi anaondoka. Shoti alilisikia kwanza kwa mama wa chai, aliyemwambia huku anammiminia: kwa hiyo mdogo wako kapata kazi kwenye ile gereji kubwa ya upande wa pili wa mji, mwisho wa mwezi anahama, hongereni. Akalisikia tena kwa muosha magari. Akalisikia kwa muuza spea. Akalisikia hata kwa mteja mgeni kabisa, aliyekuja mara moja tu kubadilisha balbu. Kila mmoja alimwambia kwa kudhani anajua, na kila mmoja Shoti alimjibu vivyo hivyo: aende salama. Kisha anakwenda nyuma ya rundo la matairi na kusimama huko mpaka uso wake urudi mahali pake. Hakutaka aondoke. Tusimung'unye maneno, hakutaka hata kidogo. Aliamka nalo, akalala nalo. Gereji bila sauti ya cherehani ya Gundi ingekuwa ghala la vyuma tu. Lakini kumwendea mtu aliyekutukana kwa mdomo wa baba yako, ukamwambia nakuomba usiende, hilo alilitafuna kila siku na kumezwa halikumezeka.

Sasa hapo ndipo Mama alipoegesha gari lake, matairi mawili upande wa binti, mawili upande wa mwana, mstari ukapita katikati ya tumbo.

Alisema atangoja. Akakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho zamani kilikuwa kiti cha nyuma cha gari la watu, akavua viatu. Shoti akamsogelea, akamwomba kwa sauti ya chini amwambie yule wa upande ule kwamba kuna ubao wa kukata. Mama akasogeza viatu vyake kando kwa mguu.

"Mimi nilizaa watoto," alisema, "sikufungua posta."

Basi. Shoti akaanza kazi. Akang'oa kitambaa cha gia, akafungua skrubu zilizofichwa chini ya kisanduku cha katikati, akabembeleza klipu moja moja kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze, na ubao ukaachia. Ulikuwa ubao wa mti wa kweli, wa kahawia yenye mistari, si plastiki iliyopakwa rangi kama magari ya sasa. Ukivunjika umevunjika, mwingine utauona kwenye picha. Akaubeba mpaka mezani kwake kwa mikono miwili.

Sasa, kuna kitu hapa ambacho lazima kieleweke. Fundi umeme hana shughuli na uso wa ubao. Klipu, vitundu vya skrubu, njia za waya, vyote viko mgongoni, kwa hiyo yeye huulaza ubao kifudifudi. Fundi wa mbao hana shughuli na mgongo. Mteja anaangalia uso, anagusa uso, analalamikia uso, kwa hiyo yeye huulaza chali. Ndivyo walivyofundishwa na ndivyo mikono yao ilivyozoea. Shoti akaulaza ubao kifudifudi, akaupima uyoga mpya, akakata kiolezo cha tundu kwa kadibodi, akasogeza tundu upande wa dereva kama inavyotakiwa. Kadibodi yenyewe ilikuwa tupu, kahawia huku na kahawia kule. Zamani angemkabidhi Gundi mkononi na kumwambia huu ni mgongo. Basi, zamani maneno hayo hayakuhitaji hata kufikiriwa, yalitoka yenyewe pamoja na kiolezo. Safari hii aliweka ubao na kadibodi juu ya meza ya mstarini, akarudi kwake, akawasha kifaa cha kuchomelea waya.

Kwa pembe ya jicho alimwona Gundi anakuja. Akaichukua kadibodi, akaiweka juu ya ubao, akaitoa. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akainua uso kumwangalia dada yake, na akasimama hivyo hivyo, kama mtu mwenye swali mdomoni. Shoti aliliona swali. Akazidi kuinamia waya zake. Moshi wa risasi ya kuchomelea ukampanda puani, na moyoni anasema kama una neno si ulilete, mdomo unao. Baada ya muda akasikia msumeno mdogo wa umeme ukianza kulia.

Kazi yake mwenyewe ilimwendea vizuri. Alitengeneza kipande cha kuunganisha, upande mmoja plagi pana ya kizee, upande wa pili plagi ndogo ya kisasa, katikati waya zake zimefungwa tepu safi, akazipima moja moja kwa testa zikaitika. Aliporudi mezani akakuta ubao umeshawekwa, tundu limekatwa kwa mistari iliyonyooka, kingo zimepigwa msasa mpaka laini. Kazi ya mwenye mikono. Akaubeba mpaka garini, akaupitisha juu ya gia, akaushusha mahali pake.

Tundu lilikuwa upande wa abiria.

Shoti alibaki ameinama. Damu ilimpanda mpaka masikioni, na maneno yalishajipanga foleni, ya magodoro na mengine mapya yaliyonolewa vizuri. Akageuka. Gundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa upande wake, mkono juu ya paa la gari, amekwisha kuona. Alikuwa amebadilika rangi. Mama naye alisikia ukimya, akaja bila viatu, akachungulia.

"Kwa hiyo redio ataendesha abiria," alisema.

Mama akanyoosha mkono akaupapasa ule ubao, pale karibu na tundu ambalo halikutakiwa kuwepo. Akasema marehemu alikuwa akiufuta kwa kitambaa cha miwani yake, kingine chochote hakukiamini. Hakugomba. Aliwaangalia kwa zamu, mmoja na mwenzake, halafu akasema anakwenda kunywa chai, na alivaa viatu vyake polepole sana. Laiti angegomba. Shoti alitamani kelele za asubuhi zirudi.

Walibaki wawili, gari katikati yao. Shoti akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa kile kilichokuwa mbele ya foleni.

"Kiolezo kilikuwa cha mgongo," alisema. Ndilo neno la kwanza alilomwambia mdogo wake tangu mvua.

"Nilishuku," Gundi alisema. "Nilikigeuza nikakuangalia. Ukaniinamia."

"Nilikuona."

"Na mimi niliona kwamba umeniona. Nikasema basi, tukate tuone."

Hapo palikuwa na lawama za kugawana, kila mtu na fungu lake, na mafungu yalilingana. Shoti alijua kabisa kwamba neno moja la mgongo lingeuokoa ubao wa baba yao. Gundi alijua kwamba swali moja lingeuokoa. Watu wazima wawili, mafundi wa kutegemewa, wameharibu kitu kisichonunulika kwa sababu ya kununa. Aibu ilimshika Shoti, aibu ya kweli.

Gundi ndiye aliyezunguka gari akaja upande huu. Hakutazama chini wakati anavuka mstari. Akauchomoa ubao, akauinua kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye kingo. Akasema unaweza kupona. Tundu la kweli likikatwa upande wa dereva, litakula sehemu ya hili la uongo, na sehemu itakayobaki upande wa abiria ataiziba kwa kipande cha mti uleule. Na mti uleule uko: kifuniko cha kisahani cha majivu ya sigara, ambacho hakikufunguliwa tangu marehemu aache kuvuta. Kata pua uunge wajihi. Ukingo mmoja wa kiraka utafichwa na fremu ya uyoga, ukingo wa pili utaonekana, lakini ataufuatisha na mistari ya mti mpaka jicho lidanganyike.

Kisha akakuna kichwa. Tatizo ni kwamba ubao ule una tumbo. Mezani umelala hivi, ukikazwa skrubu garini unajikunja hivi, na kiraka kilichogandishwa mezani kitapasuka siku ya kwanza. Lazima kigandishwe ubao ukiwa umeshafungwa mahali pake. Mtu mmoja juu anakielekeza, mtu mwingine chini anakisukuma kwa vidole, na asiachie mpaka gundi ishike.

"Chini humo kuna waya zako," alisema. "Mkono wangu hauingii."

Kwa hiyo ndivyo walivyokuwa Mama aliporudi na birika la chai, akawaona kwa mbali, akageuza njia akarudi alikotoka. Shoti amelala ubavu kwenye sakafu ya nyuma ya gari, bega limebanwa na kiti, mkono umezama chini ya ubao mpaka kiwiko, vidole vyake vinasukuma kiraka kwa chini. Gundi amepiga magoti kwenye kiti cha mbele, anakikandamiza kwa juu. Ukiondoa ubao wenyewe, vidole vyao vilikuwa vimegusana. Hakuna aliyeweza kuondoka, hakuna aliyeweza kupandisha hasira wala kugeuza mgongo. Wamekamatwa.

Mwanzo walisemezana maneno ya kazi. Sukuma. Punguza. Njoo kwangu kidogo. Hapo hapo. Maneno hayo yalitoka na kutu, halafu yakaanza kuteleza. Shoti alilalamika kwamba shingo inamuuma. Gundi akasema hata mgongo wake yeye si wa chuma. Gari lilinuka gundi na ngozi ya zamani. Nje muosha magari alipita, akachungulia, akaenda mbio kuwapa wengine habari.

"Lile neno la baba," Gundi alisema ghafla, sauti yake ikitoka juu ya ubao. "Nililitunga. Baba hakulisema hata siku moja."

Huko chini, vidole vya Shoti vilizidi kusukuma kiraka.

"Alikuwa akisema kinyume chake," Gundi akaendelea. "Alisema Shoti nimemfundisha kwa sababu anaelewa kabla sijamaliza kusema, wewe nakufundisha mpaka nasinzia. Niliona wivu miaka yote. Siku ile nikatafuta kitu cha kukuumiza nikachukua hicho, nikakigeuza."

Machozi yalimtoka Shoti yakakatisha pua na kuingia sikioni, kwa jinsi alivyolala, na mikono yote haikuwa na nafasi ya kufuta. Hakuona haya, alikuwa gizani. Miezi yote alikuwa akilitembeza lile neno kichwani, akiliamini usiku, akilikataa mchana. Kila plagi aliyoitengeneza sawa alisema umeona, baba? Na lilikuwa la kutunga. Alitamani kumpiga kibao na alitamani kumkumbatia, na vyote viwili vilishindikana kwa sababu ya gundi.

"Mimi lile la magodoro nalifuta," alisema.

"Usilifute. Nimeshona magodoro mengi tu, yananilipa."

Hapo Shoti alicheka, kiraka kikatetemeka, wote wawili wakapiga kelele kwa pamoja kushikilia, kikatulia. Alitaka kusema na lile jingine. Lilikuwa ulimini kabisa. Lakini Gundi akagonga ubao kwa kucha, akasikiliza, akasema imeshika, toa mkono, na Shoti akatoka huko chini mkono umekufa ganzi, wakati wa kusema ukawa umempita.

Iliyobaki ilikuwa zamu yake. Akachomeka uyoga kwenye ile plagi aliyoitengeneza, akaushusha kwenye tundu jipya, ukakaa kama uliozaliwa humo. Akarudisha waya wa betri. Skrini ikawaka. Akauzungusha uyoga. Kimya. Akaubonyeza. Kimya vilevile, skrini inamtazama tu kama mtu asiyekujua mlangoni. Akaunganisha kompyuta yake ndogo chini ya usukani, akaanza kuuambia ubongo wa gari kwamba yule wa zamani ameondoka, huyu ndiye wa sasa, mpokee. Gari likakataa. Akajaribu tena, likakataa tena. Jasho likamtoka. Kazi ya Gundi ilikuwa imeisha, zamani angeshakuwa kwake anafagia vumbi la mbao. Lakini aliendelea kukaa kwenye kiti cha abiria, kimya, anamshikia taa, na taa haikuyumba.

Gundi akamuuliza, taratibu, kama gari linamkataa mgeni au linamkataa dada mtu. Shoti alikuwa karibu kuwaka, halafu akalifikiria. Lilikuwa swali zuri. Gari lilikuwa linajibu, ila linajibu kwamba mlango umefungwa, maana alikuwa amelitambulisha kwa kompyuta kama gari la mwaka wa uyoga mpya, si la mwaka wake lenyewe. Akarudi nyuma, akaandika umri wa kweli wa gari, na gari likaacha kiburi. Uyoga ukawaka taa nyeupe kuuzunguka. Akauzungusha kulia, orodha kwenye skrini ikashuka hatua moja. Akauzungusha kushoto, ikapanda. Redio ikaanza kwa sauti ya chini, mtu anasoma hali ya hewa.

Mama aliitwa. Akakaa kwenye usukani, akaweka kiganja juu ya uyoga bila kuangalia, akauzungusha huku na huku mpaka akatosheka. Akakitafuta kiraka kwa macho na hakukipata, mpaka akapitisha kidole ndipo akakihisi. Pale palipokuwa na kifuniko cha majivu palibaki wazi, akasema ataweka peremende. Aliwashika wote wawili mashavu kupitia dirishani, mmoja kwa mkono huu, mwingine kwa mkono huu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaondoka na hali ya hewa yake.

Gundi akavuka kurudi kwake. Akaanza kukusanya vifaa, msumeno, msasa, gundi, anavipanga kwenye sanduku kimoja kimoja. Huenda ndivyo alivyofanya kila jioni. Shoti hakuwahi kuangalia. Lakini leo alikuwa anaangalia, na kila kifaa kilichoingia sandukuni alikihesabu. Mwisho wa mwezi umebisha hodi. Alisimama palepale alipokuwa, akapiga moyo konde.

"Usiende," alisema.

Gundi akainua uso. "Niende wapi?"

"Kule. Kwenye ile gereji kubwa. Mtaa mzima unajua, mpaka watu wasiokujua wanajua. Sitaki uende. Nilikuwa nasema uende salama, nilikuwa nadanganya."

Gundi alikaa juu ya sanduku lake. Alimwangalia dada yake, na midomo ikamcheza.

"Mwenye gereji ile sijamjibu mpaka leo," alisema. "Alinipigia mara moja tu. Mimi ndiye nikamwambia mama wa chai, nikamwambia muosha magari, nikamwambia hata yule mtu wa balbu. Kila asubuhi nasema leo habari zitamfikia, leo atakuja kunitukana. Dada, ulidhani nilikuwa nawaambia wao?"

Shoti alilia, wazi kabisa, mikono ikiwa na oili, mbele ya mtu aliyekuwa anaingiza gari getini na kuuliza kwa wasiwasi kama hapa bado wanashona viti. Gundi ndiye aliyeinuka kumpokea. Akamwambia ndiyo, ni hapa, aegeshe popote, na asiwe na hofu na waya za kiti, dada yake ataziangalia kabla hajapiga skrubu hata moja.